Bwana Dakika Nne

Jumanne, 7 Januari

Daftari hili nimelinunua leo katika duka la mbegu na mabuti, kwa sababu hapa Harlan Creek duka la vitabu lilifungwa zamani. Miaka thelathini na moja nimeandika ripoti za watoto wa watu: huyu ana mikono mirefu, huyu mzito wa miguu, huyu atafika, huyu hafiki. Juu yangu mwenyewe sijawahi kuandika hata mstari. Nina miaka hamsini na tisa, goti la kushoto linanisumbua, na bosi wangu Dana Prewitt amenipa kazi iliyonichangamsha kuliko zote za miaka ya karibuni.

Kazi yenyewe ni hii. Mwezi Juni klabu za ligi kuu zitachagua vijana wa mpira wa kikapu kutoka vyuoni, kila klabu kwa zamu yake. Sisi tuna zamu moja tu. Msimu uliopita tulipoteza mechi kumi na tisa kwa pointi tano au pungufu, basi Dana hataki tena kusikia nani anaruka juu. Anataka kijana ambaye zikibaki dakika tano, na timu zinafukuzana kwa pointi tano, mikono haimtetemeki.

"Niletee mtu wa mwisho wa mchezo, Verlin," aliniambia kwenye simu. "Wa mwanzo tunao wa kumwaga."

Majina mawili yako huku kwetu Indiana. Mmoja ni Easton Vorhees wa chuo kikubwa cha kaskazini, mfungaji hodari, nywele zake zinajulikana kuliko sura ya gavana. Mwingine ni Kendrell Tibbs wa chuo kidogo cha hapa Harlan Creek, mzaliwa wa hapahapa, jezi namba kumi na nne. Nitawafuata wote wawili mpaka majira ya kuchipua.

Jumatano, 8 Januari

Theluji nyepesi. Goti.

Alhamisi, 9 Januari

Harlan Creek wamecheza nyumbani. Maskauti, yaani sisi watafuta vipaji wa klabu, tulikuwa sita, kwenye mstari wetu nyuma ya kikapu cha wageni, kila mtu na bisi zake kwenye mfuko wa karatasi. Tibbs alicheza vizuri bila makeke. Zikibaki dakika nne, tofauti ikiwa pointi tatu, sote tukasimama kwa pamoja, tukavaa makoti, tukaondoka.

Ndivyo tulivyozoea. Kesho kuna mechi nyingine umbali wa saa tatu, barabara ina barafu, na ukisubiri watu wote watoke utakwama kwenye maegesho mpaka uote ndevu. Mwisho wa mchezo tunautazama asubuhi kwenye kompyuta. Unaandika jina la mchezaji, unaandika "dakika tano, pointi tano", na vijana wa ofisini wamekwisha kukukatia vipande vyote vya video: alipotupa, alipopoteza mpira, alipochezewa faulo. Sasa ukae kwenye baridi kwa sababu gani?

Kwenye korido ya kutokea alikuwapo mwanamke amesimama, mgongo ukutani, amefumba macho. Aproni ya jikoni ilichungulia chini ya koti lake. Nilidhani anaumwa.

Ijumaa, 10 Januari

Vipande vimefika. Vorhees, tangu msimu uanze: ishirini na mbili. Tibbs: vinne. Wiki tisa, vipande vinne, na kimoja ni mpira uliomponyoka.

Nimemwandikia Dana: "Tibbs ana akili na mikono mizuri. Dakika za mwisho haonekani."

Amejibu haraka. "Sentensi tamu hiyo. Nitaitumia."

Nimekula kipande cha nguruwe cha kukaanga kilichozidi mkate pande zote, nikalala saa sita mchana na moyo mweupe.

Jumamosi, 18 Januari

Gus Pellerin ni skauti wa klabu moja ya Mashariki. Tumezeeka pamoja kwenye mistari hii. Ninajua dawa zake za presha na yeye anajua zangu. Leo kabla ya mechi aliniuliza ninamwonaje Tibbs.

"Huyo wabandike bango lake posta, kama la mhalifu," nikamwambia. "Anatafutwa. Namba kumi na nne. Mara ya mwisho alionekana zikibaki dakika tano."

Gus alicheka mpaka kahawa ikammwagikia pajani. Skauti wa klabu nyingine naye akageuka kuuliza tunacheka nini, Gus akamsimulia, akaongeza chumvi yake. Nilijisikia mtu wa maana. Ni vizuri kuchekesha watu ukiwa na umri wangu.

Jumatatu, 27 Januari

Skauti nisiyemjua, mjini Fort Wayne, amenisimulia kichekesho cha bango la posta. Hakujua kwamba ni changu.

Jumamosi, 1 Februari

Harlan Creek tena, na yule mama wa korido tena. Mara hii alifumbua macho nilipopita.

"Wewe," akasema. "Koti la kijivu. Kila mechi unatoka zikibaki dakika nne."

"Samahani, mama. Nawahi foleni."

"Foleni? Foleni gani hapa Harlan Creek? Magari yenyewe matatu, mawili ya polisi!"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia kuwa jina lake ni Loretha Tibbs, ni mpishi wa shule ya msingi iliyo ng'ambo ya barabara, na namba kumi na nne ni mwanawe.

"Mimi siwezi kutazama dakika za mwisho, tumbo linanikata," akasema. "Nasimama hapa nasikiliza kelele za watu, najua kila kitu. Mimi ninayo sababu ya kutoka. Wewe sababu yako ni magari mawili ya polisi?"

Nikamwambia kwamba huwa ninautazama mwisho kesho yake, kwenye video.

"Kesho yake," akasema, kisha akafumba macho tena, kwa sababu watu ndani walikuwa wameanza kupiga kelele.

Jumapili, 9 Februari

Jana Vorhees alitupa mpira wa mbali sekunde ya mwisho, ukaingia, wakashinda. Kipande kimefika asubuhi. Nimekitazama mara nane. Nimempigia Dana, naye alikuwa amekitazama mara kumi.

"Wenye klabu nao wamekiona," akasema. "Nimewasomea na ile sentensi yako ya Tibbs. Mmoja ameiandika kwenye kitambaa cha karatasi."

Ijumaa, 14 Februari

Mvua ya barafu. Gari limegoma. Pai ya maziwa na sukari, vipande viwili.

Jumamosi, 22 Februari

Nimetoka dakika nne kabla. Bi Loretha alitazama saa ya ukutani, akanitazama mimi.

Jumamosi, 1 Machi

Nitaandika mpaka mkono uchoke.

Mechi ilianza saa nane mchana, theluji ikiwa imeanza saa tatu asubuhi. Maskauti wengine hawakuja. Gus alinipigia akaniuliza kama nimechoka kuishi. Nilikwenda kwa ubishi tu. Zikibaki dakika nne nikavaa koti langu nikaingia kwenye korido, na pale mlangoni nikamkuta askari wa kaunti amesimama na koleo.

"Barabara imefungwa, mzee," akasema. "Hatoki mtu mpaka waipitishie mashine."

Bi Loretha alikuwa mahali pake ukutani. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilimwona akitabasamu.

"Basi leo umenaswa na mimi. Haya, fanya kazi. Simama pale mlangoni uwe macho yangu."

Ningekataaje? Nikashika mlango, nusu ndani nusu nje.

"Wako nyuma pointi mbili," nikasema. "Mpira anao yule mrefu."

"Sikukuuliza mpira. Nimekuuliza Kendrell anafanya nini?"

Hapo ndipo nilipoduwaa. Miaka yote hii, mwisho wa mchezo kwangu ni mpira. Macho yangu hufuata mpira, na vile vipande vya video hufuata mpira. Ilinibidi niyang'oe macho nimtafute kijana.

"Anaongea," nikasema.

"Na nani?"

"Na yule mdogo wa mwaka wa kwanza. Amemshika jezi. Anamsukuma kwenye kona."

"Halafu?"

Mpira ukazunguka, ukafika kwenye kona, mdogo akatupa, ukumbi mzima ukalipuka.

"Nimesikia," akasema. "Nani?"

"Yule mdogo."

"Kwenye kona?"

"Palepale kwenye kona."

Akapumua. "Sasa?"

"Anarudi mbio. Amemwacha mtu wake. Anakwenda kusimama mbele ya lile jitu lao."

"Jitu gani tena?"

"Kilo mia na ishirini, mama. Linakuja na mpira, limeinamisha bega. Kendrell amesimama tu, mikono kifuani."

"Yesu wangu. Ahame!"

"Hahami."

Kishindo tulikisikia wote wawili, kisha filimbi. Mama alikuwa ameziba masikio yake.

"Amekufa?"

"Yuko chini, anacheka. Faulo ya jitu. Mpira wetu."

Nilisema "wetu". Skauti hasemi "wetu". Ni kitu cha kwanza unachofundishwa. Lakini nikaendelea kumsimulia, na kadiri nilivyosimulia ndivyo nilivyoona zaidi. Nilimwona akimwonyesha kwa kidole mwenzake aliyesahau mtu wake. Nilimwona akimwita kocha aombe muda kabla kocha mwenyewe hajang'amua kwamba timu imeishiwa pumzi. Sekunde kumi na moja zikibaki, tuko mbele kwa pointi moja, watu wawili wakamrukia.

"Wamemjia wawili," nikasema. "Ameutoa mpira."

"Kampa nani?"

"Kampa asiye na mtu. Yule mdogo tena. Wamemchezea faulo. Mitupo miwili."

"Mtoto wa watu atazimia. Kendrell yuko wapi?"

"Amemshika kichwa kwa mikono miwili. Anamwambia kitu. Mdogo anacheka."

"Anacheka? Sasa hivi?"

"Anacheka, mama."

Mitupo yote miwili ikaingia. Zamu ya wageni ikaishia mikononi mwa Kendrell, naye akaurusha mpira juu na kengele ikalia. Tuliposhinda, Bi Loretha aliteleza ukutani taratibu mpaka akakaa sakafuni na aproni yake.

"Kendrell wangu tangu utotoni yuko hivyo," akasema. "Ukimpa peremende anahesabu watu kwanza." Kisha akaniangalia juu. "Umeona?"

"Nimeona."

"Kwa macho yako, siyo kesho yake?"

"Kwa macho yangu."

"Utawaambia wenzako huko?"

"Nitawaambia."

Barabara ilifunguliwa jioni. Bi Loretha alikuwa ameshatupikia watu wote jikoni mwa shule, kuku na tambi juu ya viazi vya kuponda. Kendrell mwenyewe ndiye aliyekuwa akigawa sahani, na ya kwake aliichukua mwisho.

Jumapili, 2 Machi

Asubuhi, kwa mazoea, nikaandika jina lake kwenye kompyuta. Dakika tano, pointi tano. Mechi ya jana.

Ikajibu: hakuna matukio.

Nilidhani nimekosea, nikaandika tena. Hakuna matukio. Jana hakutupa hata mara moja katika dakika zile, hakuupoteza mpira, hakuchezewa faulo. Aliyecheza faulo ni jitu. Kwa vile vipande vyetu, Kendrell Tibbs jana hakuwapo ukumbini.

Nimekaa kitandani na viatu vyangu mkononi.

Ijumaa, 7 Machi

Wiki nzima sijaenda mechi. Nimeomba video nzima, za timu zote mbili, dakika tano za mwisho za kila mchezo uliokaribiana, nami nimezitazama nikiwa nimeficha mpira kwa kipande cha karatasi kila nilipoweza. Ni utoto, lakini umenisaidia.

Harlan Creek wamekuwa na mechi kumi na tatu za namna hiyo. Wameshinda kumi na moja. Hiki ni chuo ambacho kocha ndiye anayeendesha basi la timu. Na katika kila moja, ukimtazama Kendrell peke yake, unaona ni yeye anayeupanga mwisho, kama mama anayepanga watoto kwenye kitanda kimoja, huyu huku, huyu kule, mpaka wote wanatosha.

Akina Vorhees wamekuwa na mechi kumi na mbili, wameshindwa nane. Anatupa akiwa na watu wawili usoni na mwenzake amesimama peke yake anapunga mikono. Ule mtupo wa Februari niliutazama mara nane. Ile aliyokosa nilikuwa nimeitazama mara mojamoja.

Si kwamba Vorhees ni mbaya. Ni kwamba niliulizwa swali moja msimu huu, na nimelijibu kinyume.

Jumapili, 9 Machi

Nimeandika ripoti mpya, kurasa mbili kwa mkono. Inaanza: "Nilikosea juu ya Tibbs." Nikafika mahali pa kueleza kwa nini nilikosea, na hapo kalamu ikagoma. Kwa sababu Dana si mjinga. Atauliza: ulikuwa ukumbini mara tano kabla ya ile theluji, hukuyaona haya? Nami itabidi niseme kwamba nilikuwa kwenye gari. Kisha atauliza: na yule wa mwaka juzi? Na wale wa miaka thelathini?

Mkataba wangu unakwisha Julai. Nitaituma kesho.

Jumatatu, 10 Machi

Kesho.

Alhamisi, 20 Machi

Harlan Creek wametolewa kwenye mashindano ya taifa na timu kubwa mara mbili yao, kwa pointi ishirini. Hakukuwa na dakika tano za mwisho. Nilikaa mpaka ukumbi ulipoanza kufagiliwa. Ripoti nimeihamishia mfuko wa ndani wa koti.

Jumanne, 15 Aprili

Kumepata joto. Bado nimevaa koti.

Jumatano, 21 Mei

Vijana wameletwa klabuni kupimwa. Wanapimwa urefu, mbio, mruko, mitupo mia moja bila mtu mbele. Vorhees ameingiza themanini na moja. Kendrell sitini na nane. Hakuna kipimo cha kumshika mwenzio kichwa.

Alinifuata penye meza ya maji.

"Wewe ndiye Bwana Dakika Nne," akasema, akicheka. "Sote tulikuwa tunakuita hivyo. Mdogo wetu alikuwa anatuambia, 'Jamani, koti la kijivu hilo linaondoka, sasa mchezo ndio unaanza.'"

"Haki yenu," nikasema.

"Lakini siku ya theluji ulibaki."

"Nilibaki."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Mama ameniambia. Anasema ulimsimulia kila kitu, mpaka maneno yangu karibu ayasikie." Akajimwagia maji kichwani. "Mzee, sitakudanganya, nilikuwa na wasiwasi. Watu wanasema maneno kwamba mimi mwishoni najificha. Sijui yametoka wapi. Ila mama ananiambia, tulia, yupo mmoja aliyeona. Basi nimetulia."

Akanipa mkono. Mkono mkubwa, wa baridi, wenye maji. Nikasema nimefurahi kumwona. Hiyo ndiyo sentensi niliyoipata.

Jumatano, 4 Juni

Nilimpigia Dana kumwambia. Tukaongea juu ya tiketi za ndege.

Jumatano, 25 Juni

Siku ya uteuzi.

Tulikuwa kumi na mmoja chumbani, mezani pizza isiyoliwa, ukutani ubao wenye majina. Lilipochaguliwa jina mahali pengine, lilitolewa ubaoni. Zamu yetu ilipofika, kileleni mwa ubao yalibaki mawili, bega kwa bega, kana kwamba mtu ameyapanga kunikomoa. Vorhees. Tibbs.

Klabu inapewa dakika tano. Saa nyekundu ikaanza kurudi nyuma.

Dana hakuwa na haraka. Huyu mwanamke ana sifa moja ambayo sitaisahau: huwa anauliza.

"Kabla sijapiga simu," akasema. "Verlin. Hawa ni watu wako. Umewaona kuliko sisi wote. Kuna jipya lolote?"

Vichwa kumi vikageuka. Karatasi ilikuwa kifuani pangu, nikiisikia ikikwaruza kila nilipovuta pumzi. Ilihitaji maneno manne tu: nilikosea juu ya Tibbs. Nilimwona yule mwenye klabu aliyeiandika sentensi yangu kwenye kitambaa. Niliuona mwezi wa Julai. Nikawaza kwamba watanicheka, mimi, kwa umri huu, kwa goti hili.

"Sina la kuongeza," nikasema.

"Basi."

Akachukua simu. Saa ilisomeka dakika nne na sekunde kumi na mbili.

Watu wakapiga makofi, wakaanza kula pizza. Mimi nilikaa mbele ya televisheni mpaka jina la mwisho kabisa liliposomwa. Jina la Kendrell Tibbs halikusomwa. Gus alinitumia ujumbe: "Wetu walimfikiria yule wako wa posta, lakini wakakumbuka bango. Umetuokoa." Na alama ya kucheka.

Nimewahi kuandika juu ya kijana mmoja kwamba mchezo ukikaribia mwisho anautoa mpira kama kaa la moto. Nimesahau alikuwa nani.

Alhamisi, 26 Juni

Mkataba wangu umeongezwa miaka miwili.

Jumamosi, 12 Julai

Nimesikia kwamba Kendrell anaondoka Jumatatu kwenda Poland, klabu ya mji mdogo, ndiyo pekee iliyompigia simu. Nikaendesha gari mpaka Harlan Creek.

Ukumbi ulikuwa wazi. Kendrell alikuwa chini akifanya mazoezi na yule mdogo wa mwaka wa kwanza. Bi Loretha alikaa juu kwenye benchi, macho wazi, mkoba magotini.

"Mazoezi naweza kutazama," akasema. "Keti."

Nikaketi. Nikamwambia yote. Vipande vinne, ile sentensi, kichekesho cha posta na jinsi kilivyotembea, karatasi iliyokaa kifuani pangu tangu Machi. Nilipofika kwenye chumba cha uteuzi ndipo akaniuliza.

"Yule bosi alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Kwa jina lako?"

"Kwa jina langu."

"Ukasema nini?"

"Nikasema sina la kuongeza."

"Zilikuwa zimebaki dakika ngapi?"

"Nne. Nne na sekunde kidogo."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichokusudia kununua.

"Usiku ule," akasema, "nilikaa sebuleni mpaka mwisho. Mimi! Sikutoka hata mara moja, tumbo likinikata hivyohivyo. Na kila jina likisomwa, mwanangu haangalii televisheni. Ananiangalia mimi. Kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia yupo mmoja aliyeona."

"Bi Loretha, naomba unisamehe. Nimeleta ile ripoti, nitaituma kwa kila klabu, nitawapigia simu mmoja mmoja, na kuna jambo jingine nataka—"

Alikuwa ameshasimama. Akatundika mkoba begani, akaitazama saa ya ukutani.

"Sijamaliza," nikasema.

"Najua hujamaliza. Nawahi foleni."

Akashuka ngazi kwa hatua zake za kawaida, akapita korido yake, mlango ukajifunga. Chini, Kendrell aliniona. Akaninyooshea dole gumba na tabasamu lote. Kumbe bado hajaambiwa. Nami nikainua mkono.

Nilikaa mpaka walipokusanya mipira na kuzima taa. Nilipotoka nje barabara ilikuwa tupu, mahindi huku na huku, wala hapakuwa na gari hata moja.